Kitunga Anauliza: Sauti Inatoka Wapi?

Kabla hamjaniuliza: hapana, watoto hawakuwahi kunichosha. Walionichosha ni watu wazima, na mmoja wao ni mimi mwenyewe. Nimekabidhi ufunguo wa studio ya Mweso, nimekabidhi na lile kabati la karatasi ambalo mlango wake haujawahi kufungika, na sasa niko nyumbani Nyamitaba napalilia maharage, kazi yenye raha moja kubwa: haina kikao cha tathmini. Ninyi mliobaki na kipindi chetu cha watoto mmenitumia ujumbe mara tatu mkitaka niwaandikie jinsi *Kitunga Anauliza* kilivyokuwa kikipangwa na kuandikwa miaka yote hiyo. Haya. Nani alipandishwa cheo na nani alinuniwa, hayo sitayaandika. Nitaandika kazi, halafu nitaandika kisa cha kijiji cha Pinga, kwa sababu nasikia mnakisimulia vibaya. Mnasema Kubuya alikosea. Kubuya hakukosea. Niliyekosea ni mimi, na kosa langu lilikaribia kumfungia mwenzangu njia ya kwenda kwa mama yake mzazi.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili. Papa Déo, mtu aliyezeekea kwenye redio, alipita shuleni kwetu akitafuta mtu anayeweza kuongea na watoto bila kuwapigia kelele. Mkuu wa shule alinitaja mimi mara moja, nadhani kwa sababu nilikuwa namsumbua kwenye vikao. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya kanisani nikijua naenda kwenye televisheni. Nikakuta ghala la maharage nyuma ya parokia, magodoro ya zamani yamepigiliwa ukutani ili kuzuia mwangwi, na kamera moja ambayo wadudu wa maharage walikuwa wameshaizoea. Viatu vilitoboka wiki hiyo hiyo.

Papa Déo alinipa karatasi yenye mstari katikati. Kushoto unaandika kinachoonekana, kulia unaandika kinachosikika. Mimi nikajaza kulia mpaka chini, kushoto nikaandika "Madame anaongea". Akasoma, akavua miwani.

"Madame, hii iko leçon," akasema. "Mutoto anatoka ku masomo, anakuya kuangalia televisheni, weye unamurudisha ku masomo. Amekukosea nini?"

Nilikasirika siku mbili, halafu nikaona ana haki. Ndiye aliyenifundisha namna ya kupima maandishi: msomee mtoto anayekula. Akiacha kutafuna, sehemu hiyo ni nzuri. Akiendelea kutafuna, futa, hata kama umeipenda sana. Mwaka ule watoto wa jirani walinenepa kwa viazi vitamu vyangu, na mimi nikafuta kurasa nyingi kuliko nilizobakiza. Vijana wangu, siku hizi mnawasomea maandishi yenu wafadhili. Wafadhili hawatafuni, wanaandika maoni pembeni.

Kisha ikaja shida ya mhusika mkuu. Mnamwona Kitunga leo mnadhani alizaliwa hivyo. Tulianza na ng'ombe. Watu wa Masisi wakauliza: ng'ombe wa nani? Tukasema ni ng'ombe wa karatasi. Wakasema hata wa karatasi ana mwenyewe. Tukajaribu nyani, watu wa Walikale wakacheka wakasema huyo ni mboga. Tukataka mtoto wa kawaida, basi jina tu likatugombanisha wiki nzima, maana kwetu jina la mtu linasema ametoka kilima gani na anaongea lugha gani, na kila jina lilikuwa na watu wa kulipenda na watu wa kulikunjia uso. Nilikuwa nimefikia kusema tuweke jiwe. Ndipo seremala aliyekuwa akitutengenezea meza, kijana mrefu wa Pinga, akachukua kitunga cha kuokotea maharage, akakibandika vifuniko viwili vya chupa za soda, akaingiza mkono ndani. Kile kitunga kikanigeukia, kikaniangalia, kikasema: "Mama, unalalamikaka mingi hivi kila siku, ao ni leo tu?"

Huyo ndiye Kubuya. Meza ile haijaisha mpaka leo.

Kitunga hana kabila, kila nyumba inaye. Kubuya alikuwa mkono wake, sauti yake, na sauti zote nyingine pia. Mvua aliifanya kwa maharage ndani ya ungo. Mtu anayetembea porini alimfanya kwa majani makavu ya migomba. Pikipiki alikuwa akiifanya kwa mdomo, vizuri kiasi kwamba mbwa wa padri alikuwa akitoka kubweka. Kila kiangazi aliomba ruhusa, akaenda Pinga kumwezekea mama yake nyumba na kumpasulia kuni za mwaka. Mama yule alikuwa mzee, macho yameshafifia, na Kubuya ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Ruhusa hiyo hatukuwahi kumnyima, hata wakati kazi imetushika kooni.

Sasa mambo ya kupanga. Msiache kuandika kila kipindi mara mbili, cha jua na cha mvua. Ghala letu lina bati, na mvua ya Mweso ikianza kupiga bati hakuna kipaza sauti kinachosikia mtu. Kwa hiyo kipindi cha mvua hakina maneno, kina vitendo na ngoma. Mgeni mmoja wa wafadhili aliangalia vipindi vitatu vya namna hiyo akasema amevutiwa sana na ujasiri wetu wa kutumia ukimya. Tulimshukuru. Ulikuwa ni ujasiri wa bati.

Na wafadhili, nisipowasema nitaugua. Kila mmoja alikuja na ujumbe wake mkononi. Mwaka mmoja Kitunga alinawa mikono mara nyingi hata nikaogopa ataoza. Mwaka mwingine alitakiwa kuchanjwa, kupanda miti, kupatana na jirani, kulala ndani ya chandarua na kutowaonea wasichana, yote katika dakika kumi na mbili, na bado abaki na nafasi ya kuchekesha. Mimi nikiuliza: mtoto mwenyewe ameuliza nini? Wananijibu kwamba mahitaji ya mtoto yameshachunguzwa. Yamechunguzwa na nani, amekaa wapi, alikula nini? Mtoto wa Masisi ana maswali yake mwenyewe tangu asubuhi.

Tulikuwa tukiyapata maswali hayo kwa pikipiki. Televisheni ya mjini ilirusha kipindi mara moja kwa wiki, lakini vilimani na msituni tulikipeleka ndani ya kadi ndogo za kumbukumbu. Mwendesha pikipiki anaibeba kadi, anaifikisha kwenye ukumbi wenye sola, skrini na spika, watoto wanajaa, na kadi hiyo wanaiangalia tena na tena mpaka nyingine ifike. Wakimaliza wanaandika maswali kwenye vipande vya daftari, na pikipiki inarudi navyo. Mimi nilivimwaga mezani nikavichambua kama mtu anavyochambua mchele. Kwa nini mwezi unatufuata tukitembea na ukisimama tukisimama? Kwa nini kuku hana meno na bado ananiumiza? Mtoto mmoja aliyekimbilia Mweso na wazazi wake aliandika: mbwa wetu tulimwacha, anakula wapi? Hilo la mwisho lilikaa mezani miezi mitatu kabla sijajua namna ya kuliandika, na sijui kama niliandika vizuri. Msilianze swali ambalo hamjawa tayari kukaa nalo.

Katika msimu wangu wa mwisho mwisho likafika swali la Pinga, limeandikwa kwa penseli: *Mvua ya kwa Kitunga inatoka wapi, na nje jua linawaka?*

Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Kipindi kizima cha kuonyesha jinsi sauti zinavyotengenezwa! Hakuna kunawa mikono, hakuna chandarua, ni watoto kuonyeshwa ukweli wa kazi tu. Nikaandika mvua, nikaandika nyayo, nikaandika moto, ambao tunaufanya kwa kufinyafinya karatasi ya biskuti. Mwisho nikataka upepo mkubwa wa mlimani, na hapo nikakumbuka kitu cha kwetu. Kaka yangu, alipokuwa akitumwa kulinda mtama, alikuwa na kachezeo ka kufukuzia ndege. Sitakaeleza kalivyo, na mtaona kwa nini. Tosheka na hili: ni kadogo, kanaingia mfukoni, na sauti yake ni kubwa kuliko unavyotegemea. Nikakaa chini na kisu cha jikoni nikakatengeneza, na kesho yake nikakaweka mezani mbele ya Kubuya, ambaye alikuwa akimbandika Kitunga jicho.

Mkono wake ulisimama hapo hapo.

"Hii kintu umetosha wapi, Mama?"

"Kwetu. Tunafukuziaka ndege."

"Kwenu iko ya ndege?"

"Ya ndege. Kwenu je?"

Kubuya alichukua kitambaa akakifunika kile kitu, polepole, halafu akaangalia kama mlango umefungwa. "Mama, tuache ile," akasema.

"Juu ya nini?"

"Tuache tu."

Mnielewe hali niliyokuwa nayo. Wiki hiyo nilikuwa nimerudishiwa maandishi mara nne na mtu wa wafadhili, kila mara na sababu mpya. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa. "Kubuya," nikamwambia, "ule bwana ananileteaka sababu kumi kila asubuhi, zote za bure. Weye unaniletea hata moja hapana. Nipe moja tu, nifute."

"Sina, Mama."

"Basi haifutwe."

Siku ya kurekodi jua lilikuwa zuri, bati kimya. Kubuya alifanya mvua, akafanya nyayo, akafanya moto, watoto waliokuja kuangalia wakashangilia. Ilipofika zamu ya upepo akaweka mikono mfukoni akasema amechoka. Mtu aliyekuwa akipiga pikipiki kwa mdomo asubuhi nzima bila kukohoa, amechoka! Nikakichukua kile kitu mwenyewe, nikasimama mbele ya kamera, nikasema: "Muache. Nitafanya miye."

Sikuwahi kumwona Kubuya akienda haraka namna ile. Aliruka kamba za taa, akanishika mkono. "Leta, Mama," akasema. "Leta. Nitafanya miye." Akakifanya, macho yake yakiwa sakafuni, na sauti ikajaa ghala lote mpaka nikasikia kifuani. Ilikuwa sauti bora tuliyowahi kurekodi. Nilimwona uso ulivyokuwa, nikaamua amenuna, nikaenda kula.

Baada ya wiki chache mwendesha pikipiki wa Pinga alirudi. Kwa kawaida alikuja na mfuko umejaa vipande vya daftari. Safari hii alileta bahasha moja, na ndani yake kadi yetu na barua ya wazee wa kijiji. Ukumbi wa Pinga hautaonyesha tena Kitunga. Na Kubuya aambiwe hivi: asikanyage kwa mama yake mpaka wazee wamwite, na wakimwita, huenda ikawa ni kwa kumwambia asirudi tena maisha yake yote.

Nilimfuata nyuma ya ghala. Alikuwa anaranda ubao ambao haukuwa na kazi yoyote.

"Ile kintu," nikasema.

"Ile kintu," akasema. "Kwetu mwanamuke haione. Mutoto haione. Banasikiaka tu, kwa mbali, wakati vijana banapelekwa ku pori kutahiriwa. Hapo sitaongeza neno."

"Na hukunambia! Ningekifuta siku ile ile, Kubuya! Neno moja tu!"

Aliweka randa chini. "Mama, kusema juu gani haionekane, njo kusema ni kintu gani. Ningekuambia sababu, ningekuwa nimekuambia yote."

Nilibaki nimesimama pale nikiwa na hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia. Miaka yote nimefanya kazi na watu wenye sababu nyingi zisizo na maana, na siku alipokuja mtu mwenye sababu kweli, alikuwa mtu pekee asiyeweza kuitoa. Nikamuuliza kwa nini basi alikifanya, angeniacha mimi. Akanitazama kama vile nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Mwanamuke akifanya ile kintu mbele ya kamera? Wangekupatia nini weye, hata sijue. Miye angalau najua watanipatia nini." Kwa maneno mengine alikuwa amenikinga, na mimi nikaenda kula.

Nilijaribu kurudisha kadi zote. Ninyi mnajua kadi zetu: leo iko ukumbini, kesho iko kwenye simu za nusu ya eneo. Nilituma barua, nilipiga simu kwa kila ukumbi, nikajibiwa kwa upole kwamba kipindi kile watoto wamekipenda sana na tayari kimeshanakiliwa. Kiangazi kikaanza, na Kubuya hakuomba ruhusa. Mama yake alikuwa anakaa chini ya nyasi za mwaka uliopita, zimeoza, na hakuna aliyekuwa anamwezekea. Kila asubuhi nilimwona Kubuya akiangalia njia ya pikipiki, na kila asubuhi nilijua ni kwa ajili ya nani. Nilijisikia vibaya kuliko ninavyoweza kuandika.

Wito ulipokuja nilimwambia naenda naye. Tulipanda pikipiki mbili, na barabara ile sitaieleza, mnaijua, iliyobaki ni matope tu. Pinga tulikaribishwa nyumba ya kwanza kabisa mlangoni mwa kijiji, maana Kubuya hakuruhusiwa kupita hapo. Kutoka kwenye uzio uliweza kuiona nyumba ya mama yake, na mama mwenyewe amekaa nje, uso umeelekea barabarani. Walikuwa wamemwambia mwanawe amefika. Kubuya alisimama kwenye uzio ule tangu tulipofika mpaka tulipoitwa, na mimi nikashindwa hata kumwambia akae.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi ule ule wa Kitunga, mchana, skrini yetu imekunjwa pembeni. Wazee walikuwa watano. Aliyeongoza alikuwa mzee mfupi mwenye kikohozi, ambaye Jumapili husoma masomo kanisani, na simu yake ililia mara mbili akaizima kwa kuikalia. Alinisalimu kwa heshima sana, heshima ambayo iliniudhi kuliko matusi.

"Mama, karibu. Weye uko mugeni. Weye hauna kosa."

Nikasimama. "Papa, nisamehe. Miye njo niliandika ile filme. Kubuya alinikataza. Kosa iko yangu."

"Uliandika nini?" akauliza.

Nikafungua mdomo, na hapo nikaona shimo nililokuwa naingia. Nikisema nilijua ninachoandika, basi nimekiri kwamba mwanamke anajua kitu ambacho mwanamke hapaswi kujua, na watauliza nani alinifundisha, na wataangalia mtu mmoja tu. Nikisema sikujua kitu, basi mimi sina kosa, na aliyejua akanyamaza na kufanya ni yule yule mmoja. Njia zote mbili zilifika kwa Kubuya. Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa maneno, nilikaa chini bila hata moja, na mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyefurahi kuona mgeni ana adabu.

Wakazungumza wao kwa wao, kwa lugha yao. Kisha yule mzee akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, kwamba kabla ya kumhukumu mtu ni lazima wajue watoto wamebeba nini kichwani. Kama kitu kimeshatoka, Kubuya amekitoa, na Pinga si kwake tena. Wakaagiza watoto waingie. Waliingia kama wanavyoingia siku zote, wakisukumana, wakakaa chini mbele, na wengine wakaiangalia skrini iliyokunjwa kwa matumaini.

"Ku ile filme ya sauti," mzee akauliza, "mulionaka nini?"

Wakajibu wote kwa pamoja. Maharage mu ungo! Majani ya migomba! Karatasi ya biskuti! Walijua kipindi kizima kwa mpangilio wake, neno kwa neno, na wakati mwingine wowote ningelia kwa furaha.

"Na kisha?"

Msichana mmoja wa miaka kama tisa, anaitwa Neema, akasimama. Baadaye niliambiwa ndiye aliyekuwa ameandika lile swali la mvua kwa penseli. "Na kisha Papa Kubuya alikamata kakitu kamoja," akasema. Kubuya alikuwa amefumba macho.

"Na kale kakitu njo kanaliaka?" mzee akauliza, taratibu.

Neema akacheka. Alicheka waziwazi, mkono mdomoni, na wenzake wakaanza kucheka naye. "Hapana, Papa! Pale njo banatudanganya. Maharage iko kweli, tulijaribu. Majani iko kweli. Lakini kakitu kadogo vile hakawezi kulia sauti mukubwa vile. Ile sauti tunaijua, inatokaka mu pori, ni kintu mukubwa sana. Ile banaiweka mu ordinatere. Kubuya alikuwa anaigiza tu."

"Ni montaje," akasema mwingine nyuma, kwa sauti ya mtu anayejua jinsi picha na sauti zinavyounganishwa kwenye kompyuta.

Nilikuwa nimeshanyanyuka. Ualimu haumtoki mtu. Mtoto amekosea mbele yangu, amesema tumedanganya mahali pekee ambapo tulikuwa tumesema kweli bila ujumbe wa mtu yeyote juu yake, na midomo yangu ilikuwa tayari inasema "Hapana, Neema". Namshukuru Mungu kwamba mzee alinitangulia.

"Mama," akasema. Alikuwa ameacha kukohoa. "Mutoto anasema ile sauti mulitosha mu ordinatere. Njo kweli?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Wazee watano walinitazama, na nikaona kwamba kila mmoja wao anajua jibu, na kila mmoja anasubiri jibu lingine. Kubuya alifumbua macho. Neema alikuwa bado amesimama, akiningoja mimi, mtu wa Kitunga, nimwambie kama ana akili.

"Njo kweli, Papa," nikasema. "Mu ordinatere."

"Munaona?" Neema akawaambia wenzake, akakaa.

Yule mzee akatazama mikono yake kidogo. Kisha akamwambia Kubuya, kana kwamba anaendeleza mazungumzo mengine, kwamba nyasi za kwa mama yake zimeoza na ni aibu kwa mwanamume. Kubuya hakuniaga. Alitoka mlangoni akitembea, akafika njiani, akaanza kukimbia. Mimi nilibaki kwenye benchi nikilia mbele ya watu, kwa furaha na kwa hasira pamoja, nisijue ipi imezidi.

Ndivyo ilivyokuwa. Kadi ile msiitafute wala msiionyeshe tena. Na mkifika Pinga na Kitunga, mtoto akiwauliza ule upepo wa mwisho mliutoa wapi, msianze kufikiri wala kueleza. Mwambieni ordinatere.